Hatutawali, Tunaratibu

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri tu, ila jina hilo limesajiliwa, na anayelitaja bila kibali huandikiwa barua. Mimi sitaki barua. Niliziandika nyingi mno mwenyewe nilipokuwa katibu wa mihtasari katika Mamlaka ya Uratibu wa Uga, na najua zinavyouma. Basi tuseme nchi, inatosha.

Katika nchi hiyo kila simu ya kisasa ilikuwa na Uga ndani yake. Ukitaka programu ya kuuza mahindi, ya kutafuta fundi bomba au ya kujua saa za sala, uliichukua kwenye Uga, kwa maana kwingine kote kulikuwa kumefungwa kwa sheria. Serikali yenyewe haikujua kutengeneza programu. Iliwahi kujaribu mara moja, ikatengeneza kikokotoo, na kikokotoo kilipoulizwa saba mara nane kikajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Ikaamuliwa kwamba raia ndio watakaotengeneza, na Mamlaka itawaratibu.

Raia hao waliitwa washirika. Mkataba wao ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne, nami ndiye niliyeuchapa. Ulibadilika kila Alhamisi. Mshirika alihesabiwa kuwa ameukubali akibonyeza "Nakubali", akikaa kimya, au akifariki bila kupinga.

Mkuu wetu aliitwa Mratibu Mkuu, Dakta Gaudensi Mkwawila. Alikuwa mtu wa sauti nene na shingo nene zaidi, na hakuwahi kuhutubia bila kitu mdomoni. Siku ya kuzindua jengo letu la ghorofa kumi na moja alisimama jukwaani akichokonoa meno kwa pini ya beji yake.

"Ndugu washirika," alisema, "wenzetu huko duniani wanatawala. Sisi hatutawali. Sisi tunaratibu. Anayetawala anakwambia nenda kushoto. Anayeratibu anakuacha uende utakako, kisha anakujulisha kwamba umekosea."

Tulipiga makofi. Kwenye muhtasari nilikuwa nimeyaandika makofi hayo tangu jana yake, kwa sababu hotuba ililetwa ikiwa nayo tayari. Juu ya mlango wa jengo palichongwa maneno KARIBU NDANI, na chini yake, kwa herufi ndogo, "subiri nje".

*

Tunu Lihundi alikuwa mkunga katika hospitali ya wilaya ya Mkelela. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mfupi, msema haraka, na hakujua kabisa kunyenyekea, jambo ambalo katika nchi ile lilikuwa aina ya ulemavu.

Jumanne moja asubuhi alimzalisha mwanamke aitwaye Asumini, mchoma maandazi wa sokoni. Mtoto alitoka salama, akalia. Kisha mama akaanza kuvuja damu, na haikukoma. Kundi lake lilikuwa O hasi, na jokofu la Mkelela halikuwa na hata chupa moja ya kundi hilo. Tunu alipiga simu hospitali tatu. Ya kwanza haikupokea. Ya pili ilimwambia mwenye ufunguo wa jokofu yuko kwenye semina. Ya tatu ilimwomba asubiri, naye akasubiri akisikiliza wimbo, na wimbo ulikuwa bado unaimba Asumini alipokata roho.

Siku tatu baadaye akaja kujua kwamba kituo cha afya cha Ng'ambombili, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki, kilikuwa na chupa nne za O hasi siku hiyo hiyo. Hakuna aliyezihitaji hapo. Ijumaa muda wake uliisha, zikamwagwa kwenye sinki.

"Kwenye sinki," Tunu alikuwa akisema kila aliposimulia.

Alijifunza kutengeneza programu kwa miezi minane, akisoma kila apatapo nafasi, kwenye kompyuta iliyong'oka herufi K. Alichotengeneza kilikuwa rahisi mno hata mtu angeweza kukidharau. Mtunza jokofu akiingiza chupa ya damu, anabonyeza. Akiitoa, anabonyeza. Mkunga popote alipo akifungua, anaona: hospitali fulani, kundi fulani, chupa ngapi. Basi. Akaiita Chupa, akaileta kwetu.

*

Mhakiki aliyepangiwa aliitwa Mzee Stambuli Ngwale. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, amebakiza miaka miwili na kidogo astaafu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwa amegusa simu. Kanuni zetu ziliwakataza wahakiki kumiliki simu, wasije wakashawishiwa na programu. Hivyo programu zote zilihakikiwa kwenye karatasi.

Tunu alifika na kurasa arobaini na nane zilizochapwa. Nami nilikuwepo, naandika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo mzee. Hizo ni picha zake. Ila ungeiona kwenye simu ungeelewa upesi zaidi."

"Neno hilo usilitamke humu." Mzee Stambuli alilamba kidole, akafunua ukurasa. "Hiki nini?"

"Kitufe. Ukikibonyeza kinafungua orodha ya hospitali."

Mzee alikibonyeza kwa kidole. Akangoja kwa adabu. Akabonyeza tena.

"Hakifungui."

"Hiyo ni karatasi, mzee."

"Naandika: kitufe hakifanyi kazi."

Ndivyo ilivyoanza. Barua ya kwanza ya kukataliwa ilisema rangi nyekundu imehifadhiwa kwa ajili ya tai za Mratibu Mkuu. Tunu akabadilisha rangi. Barua ya pili ilisema neno "damu" linaangukia kifungu cha lugha ya ukatili, na kupendekeza neno "kimiminika". Tunu akabadilisha. Alipofanya majaribio, mtunza jokofu mmoja akaandika kwamba ana vimiminika kumi na viwili, vyote vya embe. Barua ya tatu ilisema kila programu lazima iwe na Kitufe cha Pongezi kwa Mamlaka, kiwe kikubwa kuliko vitufe vingine vyote. Tunu alikiweka. Barua ya nne ilikuwa ni ile ya kwanza, imetumwa tena kwa bahati mbaya, na ikabidi aijibu upya.

Yalipita miezi saba. Katika miezi hiyo Mkelela walizika wazazi watatu waliokufa kama Asumini. Sisi hatukuwa na kosa, maana tulikuwa bado ndani ya muda wa uhakiki, ambao mkataba unautaja kuwa ni "muda mwafaka".

Siku moja Tunu alimkuta Mzee Stambuli koridoni.

"Mzee, watu wanakufa."

"Najua mwanangu, na inaniuma," alijibu, na nadhani kweli ilimuuma. "Lakini mimi nahakiki karatasi. Watu wana idara yao."

*

Hatimaye ilipita. Wiki ya pili tu, fundi aliyekuwa akipaua darasa alidondoka juu ya nondo. Tunu alifungua Chupa, akaona kuna tatu za A chanya hospitali ya misheni. Kijana wa bodaboda akaenda akarudi nazo kwenye deli la barafu la muuza aiskrimu. Alasiri fundi alikuwa anaomba uji na kugomba kwamba hauna sukari.

Mwaka ulipotimia hospitali na vituo sitini na kimoja vilikuwa vinaitumia. Kwa kuwa neno damu lilikatazwa, na kimiminika hakuna mwenye akili angelitamka, wauguzi walishika neno la yule mtunza jokofu. Ukipita wodini ungesikia, "Dada, una embe O hasi?" na mwingine akijibu, "Ninazo mbili, mbivu kabisa, tuma mtu." Watu wakapona kwa embe. Mimi nilizipenda taarifa hizo, nilizisoma ofisini wakati wa chai.

Mamlaka nayo ilizipenda. Tunu alialikwa kwenye Kongamano la Washirika kupokea ngao ya Mshirika Bora. Mratibu Mkuu alimkabidhi huku anakula. Yalikuwa maini ya kukaanga, sahani imeshikwa na msaidizi pembeni ya kipaza sauti, na mafuta yalikuwa yakimteremka Dakta kidevuni, yanang'aa mbele ya kamera.

"Huyu binti ni fahari ya Uga!" alisema, kipande cha ini kikizunguka mdomoni. "Damu... samahani, kimiminika, ni uhai. Nani asiyependa uhai?" Akameza. Akamshika Tunu mkono kwa vidole vile vile, akauminya, na hakumwachia. "Sasa, binti, kwa ajili ya kuratibu vizuri, tunaomba utupatie orodha ya majokofu yote, majina na namba za watunzaji, na jinsi programu inavyofanya kazi ndani kwa ndani. Ni Kanuni ya Uwazi. Mshirika awe wazi kwa Mamlaka."

"Na Mamlaka iwe wazi kwa nani?" Tunu aliuliza.

"Mamlaka ni wazi kama anga, binti. Umewahi kuuona mlango wa anga?"

Ukumbi ukacheka. Tunu aliufuta mkono kwenye kitambaa cha meza, tena mbele ya kila mtu. Lakini orodha aliitoa. Asingeitoa, Chupa ingeondolewa siku ile ile, na kulikuwa na watu vitandani.

*

Miezi minne baadaye, saa tatu asubuhi, ilizinduliwa Damu ya Taifa. Nembo yake ilikuwa nyekundu. Ilikuwa na picha ya Mratibu Mkuu amekumbatia chupa kama mtoto. Neno damu lilikuwa limeacha kuwa la ukatili tangu Alhamisi iliyopita. Saa nne, Chupa iliondolewa kwenye simu zote za nchi. Sababu iliyotolewa ni kuiga programu ya Mamlaka.

Saa sita Tunu alikuwa ghorofa ya kumi na moja, bado amevaa sare ya kazini. Sijui aliwapitaje walinzi.

"Mheshimiwa, yangu ina mwaka na miezi. Yenu ina saa tatu. Nani kamwiga nani?"

"Kwa kalenda ya kawaida, unaweza kusema hivyo," Dakta alijibu. Alikuwa anamenya pipi. "Lakini yetu ilikuwepo moyoni mwa taifa tangu uhuru. Wewe uliichungulia huko."

"Vituo sitini na kimoja vilikuwa vinategemea ile. Kuna watu wako mezani sasa hivi."

"Watahamia kwetu. Huko ndiko kuratibu."

"Haya. Mnionyeshe basi, jokofu likiwa tupu mtunzaji anabonyeza wapi?"

Wahandisi wawili waliokuwa wamekaa kando ya kochi wakatazamana. Mimi nikatazama daftari langu, kwa kuwa kikao kilichoamua jambo hilo nilikiandika mwenyewe. Dakta alikuwa amesema kwamba "hakuna" ni neno la kukatisha tamaa, na kwamba jokofu la nchi yake halitaonekana tupu mbele ya wafadhili. Mtunzaji alipewa vitufe vitatu achague: Limejaa, Limejaa Sana, na Limejaa kwa Wastani.

Mhandisi mmoja alimwonyesha. Tunu alivihesabu vitufe kwa kidole.

"Mtaua watu," alisema.

"Hayo yaandike kwenye kisanduku cha maoni," Dakta alisema, akaitia pipi mdomoni.

Kisanduku cha maoni kilikuwa na nafasi ya herufi kumi na mbili. Maneno "Mtaua watu" yana kumi, ukihesabu na ile nafasi ya katikati. Tunu aliyaandika pale pale, amesimama, akayatuma. Jibu lilikuja kabla hajafika kwenye lifti: "Asante kwa pongezi zako."

*

Mzee Stambuli alikuwa na mtoto mmoja tu, Kibibi, mwalimu wa darasa la pili huko Mkelela. Mama yake alifariki Kibibi akiwa mdogo, na mzee alimlea peke yake. Alijifunza hata kusuka nywele. Ujauzito wa kwanza wa Kibibi ulimfanya mzee awe kama mlevi wa furaha. Aliniambia majina aliyoyachagua, ya kike saba na la kiume moja.

Jumamosi asubuhi Kibibi alipelekwa hospitali ya wilaya. Tunu ndiye aliyekuwa zamu. Mtoto wa kike alizaliwa saa tano na robo. Saa tano na nusu Kibibi alianza kutoka damu.

Tunu alifungua jokofu lao. Tupu. Akafungua Damu ya Taifa. Ilianza na hotuba ya Mratibu Mkuu ya dakika nne ambayo haikuweza kurukwa. Aliisikiliza yote huku mkono mmoja unabana tumbo la mgonjwa. Hotuba ilipokwisha, programu ikamwambia kwamba jokofu la Mkelela limejaa.

Ng'ambombili, limejaa sana. Akatuma bodaboda. Kijana akapiga simu akiwa amesimama mbele ya jokofu: ndani yake kulikuwa na chupa moja, ya maji ya kunywa, ya dereva wa kituo. Misheni, limejaa. Pale walimfungulia mlango wa jokofu wakamwonyesha taa.

Ndipo Tunu akaanza kupiga namba za watunzaji anazozikumbuka kwa kichwa. Lakini Mamlaka ilikuwa imetoa Kanuni ya Themanini na Nane: taarifa za damu zitolewe kwenye Uga peke yake, si kwa mdomo. Mtunzaji wa tano alipokea kwa kunong'ona.

"Dada Tunu, nisamehe. Nimekatazwa kusema. Angalia kwenye Uga."

"Uga unasema nchi nzima mmejaa! Nakuuliza wewe. Unayo O hasi?"

"Dada, nina watoto."

"Huyu naye ana mtoto, hajatimiza hata saa moja tangu azaliwe! Unayo?"

Simu ikakatika. Baada ya dakika ishirini na tano yule mtunzaji alipiga mwenyewe, analia. "Ninazo mbili. Tuma mtu, na wanifukuze." Bodaboda ilikwenda kama risasi. Ilirudi na chupa mbili saa saba na dakika kumi. Kibibi alikuwa amefariki saa saba kamili.

Mzee Stambuli alikuwa amekaa benchi la koridoni, shati limenyooka, mikono magotini. Tunu akachutama mbele yake.

"Mzee."

"Sema tu, mwanangu."

"Tumempoteza."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia. "Damu haikuwepo?"

Tunu angeweza kusema haikuwepo. Aliniambia baadaye kwamba alitamani sana kusema hivyo.

"Ilikuwepo," alisema.

Mzee alipopewa vitu vya marehemu, simu ya Kibibi ikalia mkononi mwake. Ulikuwa ujumbe kutoka kwetu. Mfumo wetu ulisoma kumbukumbu za hospitali wenyewe, haraka kabisa. Hapo hapakuwa na uzembe. Ujumbe ulisema: "Pole! Umefariki ukitumia Damu ya Taifa. Tafadhali tathmini huduma yetu: Nzuri, Nzuri Sana, Bora." Chini yake kilikuwepo Kitufe cha Pongezi, kikubwa, chekundu, kinapepesa. Mzee hakujua simu inashikwaje. Kidole chake kikakigusa.

Hicho kilifanya kazi.

Jumatatu, kwenye kikao, Dakta Gaudensi aliisoma pongezi ile kwa sauti. Alikuwa anakula mshikaki. "Mnaona? Hata marehemu wanatupongeza! Ni nchi gani nyingine imefikia hapo?" Chembe ya nyama ilimtoka mdomoni ikatua kwenye daftari langu, juu ya neno "marehemu". Watu walipiga makofi. Mimi nilikwenda chooni nikajifungia. Niliporudi niliandika: katibu alitoka kwa dharura ya kikazi.

Sikusema kitu. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu ninaowacheka humu nilikaa nao meza moja na kunywa chai yao.

*

Mzee Stambuli aliacha kazi akiwa amebakiza miezi miwili. Alifika Mkelela, ambako mjukuu wake alikuwa analelewa na wakwe wa Kibibi, akiwa na begi dogo na stuli ya plastiki.

"Mwanangu, nipe kazi," alimwambia Tunu.

"Kazi gani, mzee? Huku ni hospitali."

"Yoyote isiyo ya karatasi."

Tunu alifikiri. Kisha akampeleka kituo cha afya cha Ng'ambombili, akamweka mbele ya jokofu, akamfundisha makundi ya damu na jinsi ya kupokea simu ya Kibibi. "Kaa hapa. Akipiga mtu, fungua mlango, tazama kwa macho yako, umwambie ulichokiona. Hivyo tu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mzee. Hakuna anayefanya hivyo nchi nzima."

Mzee akakaa. Kila asubuhi alifika kabla ya daktari. Simu ilipolia alisimama kwanza ndipo akaipokea, kana kwamba anayepiga anamwona. Wauguzi wakaanza kuijua ile namba. Mwezi haukuisha, bibi mmoja aliyewahi kuwa matroni akajitolea kukaa kwenye jokofu la misheni. Akafuatia karani mstaafu wa mahakama, halafu mjane wa mwalimu mkuu. Wakafika kumi na tisa, wazee watupu, kila mmoja na kiti chake, na ukimtoa Mzee Stambuli, kila mmoja na simu kuukuu ya vitufe ambamo Uga haukuweza kuingia. Mkelela ilipita miezi mitatu bila kuzika mzazi.

Habari ikatufikia. Ikaitishwa safari ya ukaguzi: magari sita, kamera, na Mratibu Mkuu mwenyewe. Mimi nilichukuliwa niandike.

Tulimkuta mzee kwenye stuli yake saa nne za asubuhi. Kituo kilikuwa na watu wengi, kina mama na watoto wao mapajani, wamekuja kliniki.

"Mzee Stambuli!" Dakta alisema kwa furaha, akitafuna korosho. "Umetukimbia. Nasikia unatoa taarifa. Je, umesajiliwa?"

"Nilisajiliwa nilipozaliwa, Mheshimiwa."

"Kama programu, nasema. Unapokea taarifa, unaihifadhi, unaitoa kwa anayeomba. Kwa kifungu cha tano, wewe ni programu. Tena isiyohakikiwa."

"Mimi ni baba wa Kibibi," mzee alisema.

Dakta alinigeukia. "Katibu, hilo lina nafasi kwenye fomu?"

"Halina, Mheshimiwa."

"Basi halipo." Akakung'uta maganda ya korosho, yakaanguka kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki. "Mwondoeni."

Walinzi wawili wakamsogelea. Mmoja aliichukua stuli. Mzee akabaki amesimama, mgongo kwenye mlango wa jokofu. Hapo simu ikalia, na akaipokea kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa akiitumia zamani kukataa programu za watu.

"Ng'ambombili hapa. Naam, dada Tunu. O hasi? Ngoja nitazame." Akageuka, akafungua, akainama. Tulimwona akizigusa moja moja. "Ninazo tatu. Nazishika kwa mkono wangu. Muda wake haujaisha. Tuma mtu. Nini? Bodaboda imeharibika?"

"Kata simu hiyo," Dakta alisema.

Mzee hakukata. Mlinzi aliyeshika stuli akaiweka chini taratibu. "Mzee," aliuliza, "B chanya nayo ipo? Shemeji yangu kalazwa hapo Mkelela."

"Zipo mbili, mwanangu."

"Wewe unaongea na nani?" Dakta alimfokea mlinzi, na mlinzi hakugeuka.

Mama mmoja akasema pikipiki ya mume wake iko nje. Mume alikuwa tayari anaiwasha. Lakini deli la kituo la kubebea damu lilikuwa halina kamba, na barabara ile ni mashimo matupu; alihitajika mtu wa kukaa nyuma alipakate. Mzee Stambuli alizipanga zile chupa ndani, akaweka barafu, akafunika. Akalinyanyua deli na kutazama huku na huku, akiniruka mimi, kwa sababu hakunitarajia.

Nililipokea. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na baridi yake ilipenya shati. Daftari langu lilianguka nilipokuwa napanda pikipiki, sikujua lilipoangukia.

"Katibu!" Dakta Gaudensi alitoka hadi barazani, korosho mdomoni. "Katibu! Andika! Andika kwamba Mamlaka imepinga!"

Sikuwa na mkono wa kuandikia. Yote miwili ilikuwa imeshika damu.